Fundi Saa na Milima Miwili

Kifuniko nilikiacha mimi. Nimeiandika sentensi hiyo harakaharaka nisije nikaizunguka, maana nimeizunguka miaka tisa, kwa ufasaha wote wa mtu aliyesomeshwa chuo kikuu kwa kodi za wakulima. Kamera haikuwa mbovu. Filamu haikuwa imepitwa na wakati. Fundi Saa hakukosea. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya bibi yangu siku ya harusi ya mdogo wangu, nikampiga picha kumi na mbili, na muda wote lenzi ilikuwa imefunikwa kama sufuria ya wali.

Ili uzito wa kosa hilo uonekane, ni lazima nimweleze mtu aliyelibeba kwa niaba yangu.

Mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, na waliomzoea walimwita Fundi tu. Alikuwa na meza ndogo yenye kioo kwenye baraza ya duka la vitambaa mjini Arusha, na nyumba Lemara, ya tatu kutoka pale nilipopanga chumba nilipomaliza chuo. Alivaa kofia ya kufumwa na koti la kijivu, na kwenye paji la uso alikuwa na lile jicho jeusi la mafundi saa, kioo cha kukuzia vitu vidogo, ambalo alilisahau hapo hata akienda msikitini. Nilipomwamkia asubuhi ya kwanza aliitikia marahaba, akaniuliza nimesomea nini. Nikamwambia fasihi. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi hujui kufungua saa." Tangu siku hiyo jina langu kwake likawa Msomi, na sikuwahi kulisikia likitamkwa kama sifa.

Soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje, saa za betri zilimwagwa mjini kama mahindi juu ya turubai. Saa ikifa mtu anaitupa, ananunua nyingine. Mafundi wenzake walilia. Wawili walihamia kwenye redio, mmoja akaanza kuuza soda. Fundi hakulia. Alikuwa amegundua kwamba mlango ule ule ulioingiza saa za betri ulikuwa unatoa kitu kingine. Watu waliohama mashamba waliuza makabati na vilivyomo. Misheni zilisafisha stoo zao. Marobota ya mitumba yalifunguliwa, na katikati ya makoti ya baridi mtu akakuta kamera ya chuma iliyofungwa kwenye soksi. Na wote waliokuwa na kamera za zamani walitaka kuziondoa, kwa sababu sasa zilikuwapo zile za plastiki zinazojilenga na kujizungusha zenyewe.

Fundi alizitaka za aina moja tu. Hizi si zile ambazo jicho linapita ndani ya lenzi. Hizi zina kidirisha chake pembeni. Ukichungulia unaona kitu kimoja mara mbili, cha pili hafifu, kimeegemea upande kama mtu aliyetoka kilabuni. Unazungusha pete ya lenzi taratibu mpaka viwili vikutane, viwe kimoja. Hapo unabonyeza. Ndani yake, alisema, mna magurudumu na springi ndogo kama za saa, ila saa inahesabu muda na hii inaukata. Nawe msomaji shika jambo moja: kwa kuwa kidirisha kiko pembeni, lenzi ikiwa imefunikwa kidirisha hakikwambii. Kinakuonyesha dunia yote, safi kabisa, na filamu inakaa gizani.

Ununuzi wake ulikuwa ibada. Hakununua kamera mjini wala mezani. Muuzaji alitakiwa kufika Lemara alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, na Fundi akasimama kwenye kichuguu nyuma ya choo, akaelekea Mlima Meru. Pete ya lenzi aliizungusha mpaka mwisho, pale panaposomeka mbali kuliko vyote, halafu akachungulia kilele. Kama kilele ni kimoja, mazungumzo yanaanza. Kama ni viwili, muuzaji anarudishiwa mali yake na kikombe cha chai.

"Fundi, hii ilikuwa ya Mgiriki mwenye shamba kubwa," alisema mmoja nikisikia.

"Huyo Mgiriki wako alikuwa na mlima mmoja au miwili?"

"Mlima si mmoja, Fundi?"

"Basi mwambie alidanganywa. Kunywa chai."

Mwezi wa Julai, Meru hujifunika hata wiki nzima. Wiki hizo Fundi hakununua kitu, hata ungemletea kamera ya mfalme. Mke wake aliziita mfungo wa pili, na alikiri kwamba aliuombea urefu. "Siku nikifa," aliniambia akipepeta mchele, "wanizike kwenye boksi la kamera. Mbao zote za nyumba hii amezimaliza kutengeneza rafu."

Hapo ndipo penye utata wa mtu huyu. Aliwahubiria watu kwamba mtu ana macho mawili tu, hivyo kamera ya tatu ni ulafi. Mwenyewe, siku nilipozihesabu kwa siri, alikuwa nazo thelathini na moja. Alitengeneza saa za mji mzima na mkononi hakuwa na hata moja. Akitaka kujua saa ngapi alimuuliza muuza karanga. Lakini jambo moja hakulikiuka. Kamera zake zilifanya kazi. Kila siku ya wiki ilikuwa na yake. Jumatatu ilikuwa ya Mrusi, nzito, inayolia kama mlango wa gari la jeshi. Ijumaa ilikuwa ya Mjapani, ndogo na kimya, anayoweza kuitumia nje ya msikiti bila kumkatisha mtu salamu. Jumamosi ilikuwa ya Mjerumani aliyetoka stoo ya misheni, naye aliitwa Padri. Zilizobaki zilipokezana zamu kila mwezi ili zisilale. "Kamera isiyopiga picha," alisema, "ni tofali lenye jicho."

Alipiga watu wa kawaida wakifanya mambo ya kawaida: mshona viatu akiuma uzi, wanawake wa soko la Tengeru wakimwagia mchicha maji, mtu anayesoma gazeti la juzi. Aliomba ruhusa kwanza, na hakumwambia mtu acheke. Kila aliyepigwa alipewa nakala bure, na nyuma yake Fundi aliandika kwa penseli jina la kamera na hali ya mlima. Mimi ninayo moja: "Mrusi. Mlima nusu." Niko mlangoni na kopo la maji, nimenuna. Ni picha yangu pekee ambayo haidanganyi.

Na alikuwa na sheria nyingine, ambayo ningeikumbuka mapema ningejiokolea mengi. Hakuzungumzia picha kabla haijasafishwa. Mshona viatu alimuuliza mara tu baada ya kupigwa, "Nimetoka vizuri, Fundi?" Akajibiwa, "Bado hujatoka. Umeingia tu."

Bila shaka nami nikataka kamera. Na bila shaka, kwa kuwa nina digrii, sikusubiri mlima. Niliinunua Julai, mtaa wa Sakina, kwa mtu wa gereji aliyeifunga pamoja na taa ya nyuma ya gari. Nikampelekea Fundi nikitembea kama niliyeshinda uchaguzi.

"Umeipima kwa nini?"

"Kwa nguzo ya umeme."

Alicheka mpaka jicho lile likamdondoka kwenye paji. "Msomi ameposa kwa picha," alimwambia mke wake. Kisha akachungulia, akaona nguzo mbili, akaiweka kwenye droo. "Niachie. Hii inahitaji fundi na asubuhi moja ya wazi."

Ilikuwa bado kwenye droo mdogo wangu alipopata mchumba.

Harusi ilikuwa nyumbani kwetu Tengeru, Jumamosi. Mama alitaka mwenye studio ya rangi, kijana aliyefungua duka mjini lenye mashine ya kusafisha picha kwa saa moja tu, na mwenyewe ana mkufu wa dhahabu shingoni. Mimi nilitaka Fundi. Nilipiga hotuba kuhusu sanaa. Mama aliniacha nimalize, akasema, "Sanaa haina rangi?" Lakini alikuwa na heshima kwa Fundi, akipita mezani kwake mjini alimwamkia shikamoo kama kaka yake mkubwa. Akakubali.

Fundi ndiye aliyekataa. "Harusi sipigi. Watu wa harusi hawakai."

Ndipo nilipomwambia habari za Bibi. Bibi, mama yake mama, hakuwahi kupigwa picha maisha yake yote. Wajukuu walijaribu, wageni walijaribu, hata mchungaji. Jibu lake lilikuwa moja: "Sura yangu si hii hapa? Niangalieni." Lakini bibi harusi alikuwa amempigia magoti, naye akasema atapigwa, siku ile, mara moja, chumbani, akiwa na mjukuu wake. Fundi aliitazama rafu ya kamera zake. Kisha akasema, "Nitakuja na Padri."

Chumba cha bibi harusi kilikuwa cha wanawake, na Fundi hakuwa mtu wa kuingia humo. Alinipa Padri mlangoni, kwa kuwa mimi ni mtu wa nyumbani.

"Kifuniko kwanza," aliniambia. "Toa, kutanisha, bonyeza."

"Fundi, nina digrii."

Naomba sentensi hiyo iandikwe kwenye kaburi langu. Niliingia, nikaanza kuamrisha watu. Bibi asogee dirishani, shangazi apishe mwanga, mdogo wangu ainue kidevu. Bibi alikuwa amejifunga kitenge kipya na kitambaa cheupe kichwani, mikono magotini, ananitazama moja kwa moja. Kwenye kidirisha nilimwona mara mbili, nikazungusha pete, akawa mmoja. Mara kumi na mbili.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, Bibi."

"Basi msinisumbue tena."

Jumatatu Fundi alinirudishia ile kamera yangu ya Sakina. "Imepona. Nimeipima kwenu siku ile, asubuhi ilikuwa wazi. Ina filamu ndani, nimepiga chache tu. Imalize mwenyewe, uniletee niisafishe." Nikamshukuru, nikaiweka mezani.

Jumanne alitoa picha za harusi. Za kwake, alizopiga nje kwa kamera nyingine, zilikuwa nzuri kiasi kwamba Mama, aliyekuja Lemara kuzichukua, alisahau suala la rangi. Kisha Fundi akainua filamu ya Padri dirishani. Ilikuwa tupu kama kioo, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ulifungua?" aliniuliza.

"Nilifungua."

"Kamera ulinirudishia imefunikwa."

"Nilikirudisha baadaye, Fundi. Kwa usalama."

Nayakumbuka maneno hayo mawili, kwa usalama, kuliko kiapo chochote nilichowahi kula. Fundi alinitazama kama anavyotazama saa iliyosimama. Mama naye alimtazama yeye. Fundi akaivua kofia yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akasema, "Kosa la chombo ni kosa la fundi. Nisamehe, mama."

Bibi alifariki kabla masika hayajaisha. Kwetu, jeneza likitoka nyumbani, hutangulia mjukuu mwenye msalaba, na mwingine hufuata amebeba picha ya marehemu kifuani. Siku ile alitangulia wa msalaba peke yake. Fundi alikuja mazishini, akasimama nyuma. Mama alipita mbele yake bila salamu, na hakumwamkia tena. Tengeru nzima ilijua kisa. Mtu akiahidi kitu kisichotokea, waliita hiyo picha ya Fundi. Waliokuwa wakimletea watoto wao wapigwe waliacha. Mimi, badala ya kusema maneno matatu, niliandika makala gazetini kuhusu mapenzi yetu ya kijinga kwa mashine za kale. Watu waliisifu lugha yake.

Nilihamia Sakina. Kamera nayo ilihamia, ikakaa juu ya televisheni, chini yake kitambaa cha kudarizi. Wageni waliishika, nami niliwaambia nakusanya. Kila mwaka, kwa huyu au yule, Fundi alinitumia salamu zile zile: "Mwambieni nasubiri filamu yake." Sikwenda. Kumpelekea filamu ni kukaa mbele ya uso ule, na uso ule ulikuwa na swali moja.

Nilikutana naye baada ya miaka tisa, mahali ambapo sikujiandaa. Nilihitaji picha za pasipoti, nikaingia kwa yule mwenye studio ya rangi, ambaye sasa alikuwa na tumbo na mkufu mnene zaidi. Dirishani, katikati ya maharusi wa rangi, ilitundikwa picha kubwa nyeusi na nyeupe ya mshona viatu akiuma uzi. Nyuma ya kaunta alikaa Fundi, jicho kwenye paji, anafungua moja ya zile kamera zinazojilenga zenyewe.

"Mashine za kisasa," mwenye studio aliniambia, "zinakimbilia kwa mzee zikiugua. Hata mimi ameniuzia moja ya kwake. Amenitoa kitandani alfajiri nikatazame mlima!"

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Msomi. Filamu imeisha?"

Sijui kwa nini nilikiri pale, mbele ya mtu wa mkufu. Labda ni mshona viatu dirishani. Nilisema, "Fundi, kifuniko nilikiacha mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa na digrii." Hakuinua kichwa. "Filamu imefika namba ngapi?"

"Sijaigusa. Iko juu ya televisheni."

Bisibisi ikasimama. "Miaka tisa?"

"Miaka tisa."

Kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika. "Msomi, kifuniko ni bahati mbaya. Lakini kamera kuikalisha tofali miaka tisa! Mimi humo ndani nimeacha mtu."

Akaniambia. Asubuhi ile ya harusi, mimi nikiwa bado ndani nawapanga mashangazi msafara, Bibi alitoka nje kupumua, akakaa kwenye benchi karibu na migomba. Meru ilikuwa wazi nyuma yake. Fundi alikuwa na kamera yangu mkononi, anatafuta kitu cha karibu na kitu cha mbali vya kuipimia. Akamwomba ruhusa. Bibi akamwambia, "Yule mtoto si ameshanichosha? Haya, na wewe. Haraka."

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza. "Siku ile Mama alipokuwa amesimama pale?"

"Nimwambie ana picha, halafu itoke tupu kama ile? Angezika mama yake mara mbili. Picha haisemwi kabla haijasafishwa. Nilikuwa nasubiri filamu." Akachukua bisibisi yake. "Na sasa huenda imekufa. Miaka tisa, na joto la televisheni. Ilete leo. Jumapili saa nne nitakupigia. Nawe uwe Tengeru, kwa anayestahili kuambiwa habari ya kifuniko. Habari ya picha usimwambie. Ya kifuniko tu."

"Kwa nini isiwe baada ya kujua kama imetoka?"

"Kwa sababu ikitoka, utaiambatanisha na toba yako."

Alinijua vizuri kuliko wahariri wangu.

Jumapili nilimkuta Mama uani akimenya ndizi. Simu yangu ya mkononi, ya kwanza katika ukoo, ilishika mtandao mahali pamoja tu, kando ya pipa la maji, kwa hiyo nilikiri nikiwa nimesimama kando ya pipa kama mshtakiwa. Nilisema yote. Kifuniko, kwa usalama, makala. Mama aliendelea kumenya mpaka ndizi ile ikaisha.

"Kwa hiyo," alisema, "mimi nimemnunia mzee wa watu miaka tisa kwa ajili yako."

"Ndiyo, Mama."

"Alivua kofia mbele yangu."

"Ndiyo."

"Nawe ulikuwepo. Umesimama. Unanitazama." Akaweka kisu chini. "Na ile shule yote?"

Simu ikalia. Nusura niidondoshe pipani.

"Msomi." Ilikuwa sauti ya Fundi, anapiga kelele kama wote wanaoamini simu inapitisha sauti kwa bidii ya mpigaji. Nyuma yake mwenye studio alikuwa anapiga kelele zaidi: "Mwambie ni moto! Mwambie naiweka dirishani!" Fundi akamkatiza: "Nyamaza wewe. Msomi, umeshamwambia mama yako?"

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote, Fundi."

Akavuta pumzi. "Filamu imezeeka. Ina ukungu pembezoni. Nimepiga tatu, mbili zimekufa." Nikashika ukingo wa pipa. "Moja imetoka. Amekaa kwenye benchi, mikono magotini. Kitambaa kinaonekana mpaka nyuzi. Na Msomi, anacheka. Sikumwambia acheke. Nyuma mlima ni mmoja tu, mzima, mpaka kilele. Ile takataka yako ya Sakina nilikuwa nimeiponya sawasawa!" Na mzee yule, ambaye alipima maneno kama mafuta ya saa, akapiga ukelele wa ushindi ambao kuku wa Mama waliusikia. "Mpe mama yako simu."

Nilimpa. Mama aliishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na sikio, mikono yake imejaa utomvu wa ndizi. Alisikiliza. Sikuyasikia aliyoambiwa, na sikuhitaji. Niliuona uso wake. Mara akainuka kwenye kigoda, akavuta kanga yake vizuri kichwani kana kwamba Fundi alikuwa amesimama pale pale migombani, akasema kwa sauti iliyofika barabarani:

"Shikamoo, Fundi."